Mke Wangu Anadhani Nalifuta Gari

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuandika gazetini, hata salamu za harusi huwa naandikiwa na mke wangu, lakini safari hii ninayemficha ni mke wangu huyohuyo, kwa hiyo naomba msaada wako, tena naomba uharakishe kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi haiko mbali. Mimi ni seremala, karakana yangu iko uani nyuma ya nyumba, mke wangu ni mkunga na kila asubuhi anaendesha gari kwenda zahanati, na gari hilo ndilo chanzo cha yote, ni gari kubwa la kifahari la zamani, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, lina viti vya ngozi na dashibodi ya mbao, tuliachiwa na baba mkwe alipofariki miaka miwili iliyopita. Mzee alilitunza kwa mikono yake mwenyewe na hakuwahi kuniruhusu nishike hata spana, nikienda kumsaidia ananiambia, "Wewe shika tochi, baba," basi miaka kumi na mmoja ya ukwe nimeshika tochi.

Alipofariki, shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alitaka gari liuzwe kwa kuwa magari ya namna hii yakishazeeka yanakula kuliko mifugo, mke wangu akakataa, wakakubaliana mbele ya mama yao kwamba litabaki kwetu mradi lisisumbue, siku likianza kuwasha taa za hitilafu shemeji atalichukua alitafutie mnunuzi. Mimi nikasema pale pale, watu wote wakisikia, kwamba gereji hatuna haja nayo, nitalitengeneza mwenyewe nyumbani.

Na kusema kweli nilianza vizuri. Gari hili halina springi za chuma, limekalia mifuko ya mpira yenye hewa, na asubuhi tulikuwa tunalikuta limelala upande mmoja kama ng'ombe, nikapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi kwenye mifuko na vibomba vyake, pale povu lilipochemka nikajua ndipo panapovuja, nikabadilisha kipande cha bomba, na asubuhi iliyofuata tukalikuta limesimama sawasawa, mke wangu akampigia mama yake simu nikamsikia akisema, "Mama, mkweo ameliamsha gari la baba," na mshauri, tangu nioe sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Kilichoniponza ni breki. Mipira inayopitisha mafuta ya breki za nyuma ilikuwa imeanza kupasuka, nikanunua mipya, lakini pale mpira unapofungwa kwenye breki yenyewe kuna vipete vya shaba vinavyobanwa na bolti ili mafuta yasivuje, na dukani vilikuwa vimekwisha, ndipo nikakumbuka makopo ya mzee. Baba mkwe ameacha makopo ya maziwa zaidi ya thelathini kwenye rafu, kila kopo lina karatasi yenye mwandiko wake, "Pampu ya maji", "Taa ya kushoto", "Breki za nyuma", na tarehe chini yake, kwa sababu mzee hakuwa mtu wa kutupa kitu, hata alipopeleka gari kwa fundi kwa kazi iliyomshinda alikuwa haondoki mpaka arudishiwe kile kifaa kilichotolewa. Nikafungua kopo la breki za nyuma nikakuta vipete vinne vya shaba, nikaona kama vile mzee mwenyewe ameninyooshea spana hatimaye, nikavifunga.

Tangu siku hiyo mafuta ya breki yanapungua, si mengi, ila yanapungua. Siku ya tatu taa nyekundu ikawaka, bahati nzuri nilikuwa mimi kwenye usukani, nikaja nyumbani nikafungua dashibodi nikachomoa kibalbu chake, nikakificha kwenye kiberiti, na sasa ni mwezi wa pili naamka kabla ya mke wangu, nachukua ndoo na kitambaa ili nionekane nafuta gari, nafungua boneti najazia mafuta ya breki hadi kwenye alama, napangusa na upande wa ndani wa magurudumu pale panapolowa, yeye akitoka anakuta gari linang'aa. Bolti nimezikaza mara tatu na bado. Zahanati amewasimulia wenzake jinsi mume wake anavyomfutia gari kila asubuhi, habari zimefika mtaani, wanawake wananitolea mfano kwa waume zao, na hao waume siku hizi salamu yangu wanaipokea kwa shingo upande.

Sasa Jumamosi hiyo mke wangu anampeleka mama yake kwa dada wa huyo mama ng'ambo ya milima, watakaa siku mbili, barabara ina mteremko mrefu wa kona tupu, na mimi nina milango ya shule ya kupachika siwezi kwenda nao. Mama mkwe ameshasema atakaa kiti cha mbele, pale pale alipokaa miaka yote. Juzi mke wangu aliniambia, "Baba watoto, mbona breki siku hizi inaingia ndani ukikanyaga?" nikamjibu kwamba magari ya umri ule ndivyo yalivyo, na baada ya kumjibu hivyo chai ilinishinda kuimaliza.

Nimewaza kuchomoa waya wa betri asubuhi ya safari ili gari lisiwake, nimewaza pia nimpe chupa ya mafuta ya breki nimwambie ni ya tahadhari tu. Nikisema ukweli shemeji atakuja kulichukua gari, na mke wangu atapoteza kitu cha mwisho alichoachiwa na baba yake kwa ajili ya ujuaji wangu. Nifanyeje asisafiri nalo, na asijue kwa nini?

Seremala wa Uani


Seremala wa Uani,

Weka gazeti chini, nenda kachukue funguo za gari, na ule wa akiba pia, utie zote mfukoni mwako, kisha urudi tuzungumze.

Umerudi? Haya. Mhariri wangu nimemwomba barua yako iwapite wenzako waliotangulia, na watanisamehe, matatizo yao yanaweza kungoja wiki. Lako lina tarehe.

Nilicheka nilipofika kwenye tochi. Nikacheka tena kwa hao waume wanaokununia. Nilipofika kwenye kibalbu sikucheka tena, na nilipofika kwenye "ndivyo yalivyo" nilikasirika hasa. Mwanamke ambaye kazi yake ni kuweka sikio tumboni na kujua mtoto yu hali gani amekuambia kwa kinywa chake kwamba breki inaingia ndani. Aliyeshika tochi miaka kumi na mmoja akamwambia amesikia vibaya.

Mimi breki sizijui, kwa hiyo barua yako nilimpelekea fundi anayenitengenezea gari langu. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akasema safari ya zahanati na mteremko wa kona ni vitu viwili tofauti. Kule mteremkoni mguu unakandamiza breki kona baada ya kona, na panapodondosha matone hapa mtaani panaweza kumwaga huko. Hiyo chupa yako ya tahadhari ataimimina nani, mama mkwe wako, gari likiwa katikati ya kona?

Kisha akaniuliza, "Huyo mzee alikuwa anadai kifaa cha zamani kwa nini?" Nikamjibu kama ulivyoandika, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Fundi akatikisa kichwa. Akasema wateja wa rika lile wote wanadai hivyo, ili wakione kibovu kwa macho yao na kujua kweli kimetoka, wasije wakauziwa maneno. Wakifika nyumbani wanakiweka na kuandika siku kilipotolewa.

Mwanangu, makopo yale hayana akiba. Yana vibovu. Vipete vile mzee alivitoa kwenye gari hilohilo kwa sababu vilikuwa vimeshabanwa na kazi yao imekwisha, wewe ukavirudisha kwa heshima zote. Nikuulize wewe seremala: mlango wa mteja unaupigilia kwa misumari uliyoing'oa ikiwa imepinda? Hata ukiikaza mara tatu?

Kwa hilo la kopo sikulaumu sana. Mzee angekushikisha spana mara moja moja ungeyajua makopo yake, na huko aliko hilo alibebe yeye. Lakini kibalbu hukukikuta kwenye kopo. Hicho ni chako.

Basi leo mkeo akirudi kazini, mwache akae, kisha mwekee kile kibalbu mkononi. Usianze na marehemu, wala shemeji, wala povu la sabuni. Anza hivi: "Breki ni mbovu, nimejua tangu mwezi uliopita, nikakuficha." Halafu funga mdomo. Atakayoyasema yote ni haki yake, na usithubutu kumkumbusha kwamba gari lilikuwa linang'aa. Waya wa betri usiuguse. Ukiuchomoa, jirani yeyote ataurudishia kabla chai haijapoa, nao wataondoka wakikupungia mkono.

Gari livutwe mpaka kwa fundi wa breki, lisiendeshwe hata polepole, hata na wewe. Afunge vipete vipya, atoe hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, akague kila ulichokigusa, arudishe balbu, na mkeo awepo aione taa ikiwaka na ikizimika. Mama mkwe apande basi au aahirishe, dada yake hahami. Kwa shemeji nenda mwenyewe, asiyasikie kwa watu. Huenda akalichukua gari, sitakudanganya. Lakini makubaliano yao yalihusu gari kusumbua, na hapa aliyesumbua ni wewe, si gari, na mkeo ana kinywa cha kujitetea kwa kaka yake, mpe nafasi akitumie. Mifuko ya hewa uliiweza, endelea nayo. Breki na usukani, shika tochi. Na hivyo vipete vya shaba mdai fundi akurudishie, uvitie kwenye kopo, uandike tarehe kwa mwandiko wako.

Mkeo atakasirika, tena sana, na asubuhi za kukusifu zahanati zimekwisha. Jumamosi hiyo atakuwa bado amekununia, mama yake pembeni akimsaidia kukusema. Sali uyasikie maneno yao yote, wakiwa wamekaa sebuleni kwako.