Nilivyomsifu Ensoni Mbele ya Mkwe

Kisii mjini,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Nyanya yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla hujafika mwisho wa mstari, kwa hivyo nakuuliza hali. Usingizi unaupata? Ile dawa ya kuchua niliyompa mjomba akuletee, ulijichua mwenyewe au ulimgawia jirani kama ile ya kwanza? Na Mama, kifua chake kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nanenepa, ndizi za huku wanazipika mpaka mtu unasahau wali, na baridi nimeizoea, siku hizi navaa sweta moja tu. Ya mwili ndiyo hayo.

Ya moyo ni mengine. Barua hii nimekuandikia wewe, si Mama, na nakuomba ukishaisoma uikunje uitie kifuani. Nyanya, posa yangu imesimama. Mwambie Mama asikate tiketi bado, na wale mashangazi wanaoshonesha sare waambie fundi ana kazi nyingi, waambie lolote litakalokujia. Baba yake Kerubo hajakataa, lakini kukubali pia hajakubali, na kosa ni langu mimi peke yangu. Naona haya hata kushika kalamu. Ila nitakueleza yote, maana mwishoni nina jambo la kukuomba, na huwezi kulifanya bila kujua lilivyokuwa.

Unajua nafanya kazi kwa Mahesh, yule Mhindi mwenye duka la redio na pasi. Nikiwaandikia kuwa mimi ni fundi wa mitambo, mitambo yenyewe ni mashine za gemu zilizo chumba cha pembeni. Ni sanduku refu kama kabati, lina kioo cha televisheni, kijiti cha kushika kwa mkono mmoja na vibonye vya kubonyeza kwa mkono wa pili. Mtu anasimama mbele yake anapiganisha watu waliochorwa. Usicheke. Watu wazima wanaacha chakula kwa ajili yake.

Kuna mchezo mmoja unaopendwa kuliko yote. Wapiganaji wake walitoka kwenye michezo mbalimbali, kila mmoja alikuwa bingwa kwao, halafu wakakusanywa pahali pamoja wapigane watatu kwa watatu. Ni kama uwachukue mabingwa wa Kisauni, wa Likoni na wa Changamwe uwatie uwanja mmoja, tuone nani siku zote alikuwa akipiga domo tu. Kila mwaka linatoka toleo jipya. Sisi tulikuwa nayo matatu, kila moja na kabati lake.

Basi Mahesh akataka nafasi ya kuweka majokofu. Akaniita. "Danieli, mashine moja inabaki, mbili zinarudi Nairobi. Mimi sijui hii kelele. Wewe chagua moja, basi."

Nyanya, sijawahi kupewa cheo kama hicho maishani. Nilikaa nikatanua kifua kama niliyeombwa kuchagua waziri. Vijana wa chuo walipopata habari wakajaa chumbani kunibembeleza. Wao walitaka toleo la tatu, kwa sababu picha zake zinang'aa na wapiganaji wanakimbia na kubingiria. Mahesh mwenyewe alikuwa na jicho kwa la kwanza. Humo watu watatu wamefungwa pamoja, unachukua kikosi kizima kama kilivyo, mzigo na gunia lake, kwa hivyo hakuna mabishano mbele ya mashine na mchezo unaisha upesi. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa la pili. La pili ndilo lililofungua kamba. Unamtoa mmoja huku, mmoja kule, unajiundia kikosi chako. Mimi niliyetoka pwani nikaja kupenda binti wa Gesima, ningependa lipi lingine?

Sasa nafika penyewe. Katika kikosi changu sikosi kumweka mwanamke mmoja anayepigana kwa ukanda mrefu mwekundu, anautumia kama kiboko. Nguo zake nitakuambia mbele nikipata nguvu. Akishinda anawageukia watu, anakonyeza, halafu anatikisa chote alichojaliwa na Mungu. Jina lake limeandikwa kwa herufi za kwao mbali huko, hakuna anayeweza kuzisoma. Lakini kila akitikisika, vijana walikuwa wakijiziba macho kwa vidole vilivyoachana, wakipiga kelele: "Ensoni! Ensoni!" Mimi nikajua ndilo jina lake.

Mwaka mzima, Nyanya! Asubuhi nikiwasha mashine nasema, "Haya Ensoni, tuamke." Mtu akinishinda nasema, "Ngoja nimlete Ensoni, utakoma." Vijana wanavunjika mbavu, na mimi nacheka nao, nikidhani wanafurahia ufundi wangu. Hakuna hata mmoja aliyenisahihisha, na mimi lugha yao sikujisumbua nayo. Nilijua salamu ya asubuhi na ya jioni, nikajiona nimemaliza. Mswahili wa pwani nijifunze nini tena? Hicho kiburi ndicho kinachonila mpaka leo.

Siku ile ile ya kuchagua, nani anaingia? Baba yake Kerubo. Ni mkulima wa chai, mzee wa kanisa la Kisabato, mtu mpole, hapandishi sauti hata akikanyagwa. Alikuwa mjini kwa shughuli zake, akaona apite aone mkwe mtarajiwa anakula kwa jasho gani. Alivua kofia mlangoni. Mahesh akamfungulia soda kwa heshima. Na mbele ya mashine, mgongo kwetu, alikuwepo Onchari, kaka yake Kerubo anayesoma chuoni, anacheza toleo la pili kwa kikosi changu. Hakuwa amemwona babake.

"Bwana Danieli," mzee akaniambia, "nimepitia tu nione pahali unafanyia kazi. Na hii ni kitu gani?"

Ningesema ni redio, leo ningekuwa nashona suti. Lakini wapi! Nikataka kuonekana mjuzi.

"Mzee, leo nimepewa kazi ya kuchagua. Yapo matoleo matatu ya mchezo huu, moja ndilo litakalobaki. Nimechagua la pili."

"Na kwa nini hiyo ya pili?"

"Kwa sababu ya Ensoni."

Akageuza shingo. "Ya nini?"

"Ensoni, mzee! Mimi bila Ensoni siwezi kitu. Uliza mtu yeyote hapa, kila mtu anajua vile nampenda Ensoni."

Uso wake ukafunguka, Nyanya, ukang'aa. Akanishika bega. "Hiyo maneno ni mzuri sana," akasema. "Vijana wa siku hizi hawataki kusikia ensoni. Na wewe umetoka mbali hivyo, na unaijua. Mimi nimefurahi."

Na mimi pia nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe mzee naye anaujua mchezo! Kwa furaha hiyo nikamvuta mkono mpaka mbele ya kioo, nikanyoosha kidole. "Si huyu hapa, mzee! Mtazame. Huyu ndiye Ensoni wangu!"

Yule mwanamke alikuwa ameshinda saa hiyo. Akageuka, akakonyeza, akatikisa.

Onchari kusikia sauti yangu akatazama nyuma, macho kwa macho na babake. Aliachia kijiti kama kimemchoma, akatokea mlango wa stoo. Mzee alivaa kofia. Hakunitazama mimi wala kioo, alitazama balbu ya darini, akasema, "Mvua iko karibu," na nje jua lilikuwa linawaka. Akatoka. Soda Mahesh akainywa mwenyewe.

Unafikiri hapo nilielewa? Wapi! Nilimwambia Mahesh kwamba mzee amezidiwa na zile taa, macho yake hayajazoea. Nikacheka. Kicheko hicho nikikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Siku ya pili yake nilikwenda Nyakoe, ambako Kerubo ana cherehani yake sokoni. Nilimkuta anapiga pasi, hakuniitikia salamu.

"Ulimwambia baba nini?"

"Nilimwambia nampenda Ensoni."

Akaweka pasi chini. "Danieli, ensoni ni nini?"

"Ni yule mwanamke wa kwenye mashine."

Alinitazama mpaka nikaanza kujipapasa kama nina doa usoni. Halafu akaniambia polepole, kama anamfundisha mtoto. Ensoni ni haya. Ni ile aibu ya heshima iliyopo kati ya mtu na mzazi wake, na mtu na wakwe zake. Huku kwao baba na mwanawe hawasikilizi pamoja neno la kitandani, hawatazami pamoja mwili wa mtu, hata mzaha mdogo wa namna hiyo hauruhusiwi. Kijana akiwa nayo, husemwa amelelewa. Asipokuwa nayo, hapewi binti wa mtu. Wale vijana walipokuwa wakipiga kelele, walikuwa wanasema aibu hiyo, aibu!

"Baba alikuja nyumbani akalala bila kula," akasema. "Na Onchari hajarudi, amelala kwa rafiki yake. Wewe umewaweka baba na mtoto wake mbele ya huyo mtu wako, na ukamwita huyo ndiye ensoni."

Nilitaka kusema sikujua. Lakini wanawake wauza vitambaa walikuwa wameacha kazi wote wanatusikiliza, na mmoja akaanza kucheka ndani ya leso. Nilirudi mjini kwa miguu kipande kizima cha njia kwa sababu sikutaka mtu anitazame usoni.

Mahesh naye alikuwa ananingoja na swali lake: nimechagua lipi? Nikasema la tatu. Nyanya, nimelikana la pili, lile lile nililolisifu mbele ya watu, likafungwa kamba likarudi Nairobi. Na upumbavu wenyewe ni kwamba yule mwanamke yumo hata katika la tatu, tena anang'aa zaidi. Bado la pili ndilo nilipendalo, naliota. Lakini ningesimama vipi kulitetea? Vijana wakija sasa nawawashia mashine nakaa nimeipa mgongo. Wakipiga kelele yao, masikio yananichoma.

Nilifikiri nitakwenda Gesima nimwombe mzee msamaha mwenyewe. Kerubo akanikataza, akasema nitaongeza kosa juu ya kosa. Nikimwomba msamaha itabidi nilitaje, na nikilitaja mbele yake nimerudia yale yale. Mzee naye hawezi kuniuliza. Wala hawezi kumwambia Mama yetu na mjomba wakija na posa, kwa sababu wao ni wazazi wenzake, na ensoni iko kati yao pia. Basi tumekaa hivyo, kila mtu kimya, na kimya hicho hakitoi tarehe.

Juzi ndipo mzee mmoja, rika la baba yake Kerubo, ambaye ndiye mshenga wetu, akaja dukani. Alikataa kabisa kuingia, nikatoka nje. Alisimama karibu na mlango akaniuliza jambo moja tu.

"Wewe, nyanya yako yuko hai?"

Nikasema yuko, na ana maneno kuliko redio zote za Mahesh.

"Sawa. Mlete. Nyanya ya Kerubo atakaa na yeye. Hao hawana ensoni na nyinyi watoto, wanaweza kusema yote mpaka iishe. Wakimaliza, hiyo kitu haitatajwa tena, na wazazi wataketi."

Nikamuuliza, na mzee mwenyewe amesema nini? Akasema mzee hakusema kitu. Alimsikiliza tu, halafu akaenda kufagia chumba ambacho mgeni mwanamke hulala.

Kwa hivyo ombi langu ndilo hilo, Nyanya. Uje wewe kwanza, kabla ya Mama. Najua ni safari ya kuchosha, na najua si heshima kumtoa mtu wa umri wako Mombasa aje kujibu upuuzi wa mjukuu. Mpishane lugha mkitaka, Kerubo atawatafsiria yale anayoweza. Sema mjukuu wako ni mjinga, hakuwa na nia mbaya. Sema nimeanza kujifunza Kikisii, na ni kweli, Kerubo ananifundisha kila Jumapili, amesema atanisubiri ila nisijaribu bahati. Nyanya yake atakuuliza yule mwanamke alikuwa amevaa nini, na ndiyo maana ilinibidi nikuandikie haya yote. Jibu ukweli, usinifiche: ukanda ule mwekundu, na kitambaa ambacho wewe usingefutia meza.

Mnisalimie Mama, bila kumwambia. Mjomba aliyenifundisha kushika bisibisi, mwambie nashukuru. Mashangazi wa sare wote, na mdogo wangu wa kike anayejiandaa na mtihani, asome. Na yule jirani wa dawa ya kuchua, naye mpe salamu, natumaini amepona.

Nyanya, ulinilea wewe. Watakapokutazama huko Gesima watakuwa wanatazama kama kweli nililelewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko posa.

Mumeo mjinga,
Danieli