Pumzi Yangu Ndiyo Inayowasha Gari la Mume Wangu

Mpendwa Shangazi Nasimiyu, naomba unisaidie mawazo kwa sababu nimeshindwa kulala, nimeshindwa hata kuomba. Mimi ni nesi, Mkenya, naishi Al Thumama hapa Doha na mume wangu na binti yetu wa miaka sita ambaye nitamwita Chelsea, na tangu nizaliwe sijaonja pombe, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Baba Chelsea ni dereva wa basi dogo linalobeba askari wa kampuni ya ulinzi. Mwaka juzi babake alifariki huko Bomet, na kibali cha kutoka Qatar kilipopatikana mzee alikuwa ameshazikwa, yeye akitazama mazishi kwenye simu, basi akaanza kunywa, akagonga nguzo basi likiwa tupu, akahukumiwa, akafungwa mwezi mmoja, leseni ikazuiwa kwa muda, na ni kwa neema tu hakurudishwa nyumbani, maana mudir wake, yaani bosi wa kampuni, alimwombea. Lakini mudir alitoa sharti kwamba basi lifungwe mashine ya pumzi. Kila ukitaka kuwasha gari unapuliza kwenye mrija, ukiwa safi taa inakuwa kijani na injini inawaka, ukiwa umekunywa haiwaki na ofisini wanajua.

Miezi miwili alipuliza mwenyewe. Halafu asubuhi moja akaniambia, "Mama Chelsea, hebu nisaidie kupuliza, niko na homa, hii kitu haisomi poa, na maaskari wangu wa kule Najma wananingoja." Shangazi, mimi ni nesi, najua homa hainuki hivyo, lakini nilikuwa nimechelewa zamu na niliogopa atafutwa, nikapuliza. Tangu siku hiyo napuliza karibu kila asubuhi, anatupeleka mimi na mtoto kisha anawafuata watu wake, na hazimi injini mpaka saa nne pombe ya jana iishe mwilini, maana akiizima lazima apulize tena, na hapa Doha nani atashangaa kuona basi limesimama likinguruma na AC?

Mwezi uliopita kwenye ushirika wetu wa Ijumaa alisimama kutoa ushuhuda, akasema amemaliza siku mia moja na mashine haijamkataa hata mara moja. Watu walishangilia, akina mama wakalia, na mimi nikapiga makofi pamoja nao, Shangazi, nikiipigia makofi pumzi yangu mwenyewe. Sasa Stacy, mwalimu wa watoto kanisani, amemwomba mume wangu awapeleke watoto ishirini na wawili pikiniki baharini mwisho wa mwezi, na mudir amekubali kutoa basi kwa kuwa ripoti ya mashine ni safi. Nikisema, mume wangu atapoteza kazi na huenda akafukuzwa nchini. Nikinyamaza, hao ni watoto wa watu.

Jumatatu nilisinzia nikingoja mashine iwe tayari nipulize, Chelsea akanishika mkono akaniuliza, "Mum umechoka? Leo nipulize mimi?" Nifanye nini?

Mama Chelsea, Al Thumama

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Chelsea, barua yako nimeisoma, nikaenda kupika chai, nikarudi kuisoma tena. Pole mama. Pole kwa mzee wa Bomet, na pole kwa makofi yale, maana najua yalikuuma mikononi. Hukupuliza kwa ubaya. Ulipuliza kwa woga na kwa mapenzi, na wengi wetu huku ugenini tungefanya vivyo hivyo asubuhi ile ya kwanza.

Lakini asubuhi ya pili ulikuwa umeshajua, na hapo nakugombeza. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimwambia mumeo ukweli kila siku bila kumwogopa, na wewe ukaiziba mdomo. Tena ukapanda na mtoto wako ukakaa nyuma ya mtu unayejua hafai kushika usukani! Wewe nesi, nani akufundishe kwamba mficha maradhi kifo humuumbua?

Basi sikiliza. Leo jioni, kabla hajagusa chupa, mwambie, "Baba Chelsea, nakupenda, na kesho sipulizi." Usingoje asubuhi, asubuhi mtu mwenye haraka hukubali lolote. Atakasirika, atasema unamharibia kazi. Kazi inaweza kwenda kweli, sitakudanganya. Watu wamerudi Bomet bila kazi wakaanza upya, ila hakuna aliyewahi kumrudishia mama mtoto wake.

Akiamka hayuko sawa, ampigie mudir aseme anaumwa, kwa sababu anaumwa, nanyi mchukue teksi. Wiki hii hii amwone daktari; unajua vizuri kuliko mimi kwamba anayekunywa kila siku hafai kuacha ghafla peke yake chumbani. Stacy atafute dereva mwingine, na mumeo amwambie mwenyewe kabla ya Ijumaa hii. Si lazima asimame tena mbele ya ushirika ajianike. Lakini Ijumaa ikifika hajasema, sema wewe, na hapo sitaki kusikia habari ya kumsitiri.

Halafu kuna jambo moja ambalo naona hakuna aliyemfanyia. Waiteni watu wachache sebuleni kwenu, muweke picha ya mzee mezani, mwimbe, na mumeo aseme yale aliyotaka kuyasema kaburini. Kuzika kwa simu si kuzika, mama. Huyo mwanaume bado yuko matangani, na amekaa huko peke yake.

Na Chelsea umjibu, maana mtoto aliuliza swali la maana kuliko sisi wakubwa. Akikuuliza tena nani atapuliza leo, mwambie ni Baba. Kisha mngoje pamoja kando ya basi, na taa isipowaka kijani, mumshike Baba mkono mrudi naye ndani.