Kunguni wa Musawo

Ggaba, Jumamosi. Asubuhi mvua, saa sita jua la kuanika magodoro. Nimechoka, nimeaibika, na bado nina hamu ya kujua zaidi. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuwa na yote matatu kwa siku moja.

Leo naanza na kuungama.

Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa nyumbani kwao. Hapa Kampala wananiita musawo, jina wanalompa daktari, nesi na yeyote mwenye glavu, na mimi Mkenya wa Bungoma nimelizoea hadi naitika nalo sokoni. Siku tatu kwa wiki niko Luzira kwa Afande, polisi mstaafu mwenye sukari na kidonda mguuni. Siku mbili niko Ntinda kwa bibi aliyepooza upande mmoja.

Wiki mbili zilizopita Afande alianza kujikuna. Vipele vyekundu, vitatu vitatu kwa mstari, kiunoni na mapajani. Mtu mwingine ungemwambia apake mafuta alale. Lakini mwenye sukari akijikuna, ngozi ikichubuka, uchafu wa kucha unaingia na hautoki kirahisi. Jumatano nilipofungua bendeji nikakuta pembeni mwa kidonda pamekuwa pekundu na usaha umeanza. Daktari akaongeza dawa, akasema wekundu ukipanda Afande alazwe, na mguu wenyewe haahidi kitu. Niliogopa, jamani.

Kunguni. Mkewe, Nalongo, aliwaona kwenye shuka na hakutaka uchunguzi. "Kweri, musawo, hiyo kitu imekuja na bulangiti ya Akello," akasema. Nalongo ni Mganda, na jina lenyewe ni la mama wa mapacha. Kwake l na r ni mapacha, kama wale wake.

Akello ni dada yake Afande. Alikuja kutoka Kitgum na mkeka na blanketi moja kuukuu, kumuuguza kaka yake, na ndiye peke yake ambaye Afande anakubali amwogeshe. Mimi nikimsogelea na beseni ananiuliza nimetumwa na kamanda gani. Wifi hawa wawili hawajawahi kupatana sana. Nalongo akakata shauri: Akello arudi kwao, basi la Jumapili asubuhi.

Nami nilinyamaza. Tena si kunyamaza tu. Kwenye daftari la mgonjwa niliandika: "Chanzo: blanketi la dada wa mgonjwa." Sikuwa nimeligusa.

Jana ndipo nikasema ngoja nione kwa macho yangu. Napenda kuchunguza, mama alikuwa akisema nitafungua hata redio inayoimba vizuri. Nikachukua tochi ya simu, nikaanza na blanketi, mshono kwa mshono. Safi. Limechakaa, lakini safi kuliko taulo langu. Akello alikaa mlangoni akinitazama, mikono imepasuka kwa kufua na maji ya moto kila siku. Mkeka nao safi.

Nikageukia kitanda. Nilitegemea vile vidoti vyeusi vya kinyesi chao viwe upande wa mlangoni, anakolala Akello. Wapi! Vyote vimesongamana miguuni mwa kitanda, kona moja tu, ukutani. Nikajiuliza, huku halali mtu. Huku kuna nini?

Huku huwekwa mkoba wangu.

Wueh!

Niseme inavyokuwa. Nikifika, Nalongo hupiga magoti kunisalimu, huupokea mkoba kwa mikono miwili na kuupeleka kitandani. Mkoba wa mgeni hauwekwi sakafuni, ni kumdharau mwenyewe. Mafunzoni tuliambiwa mkoba wa kazi utundikwe au ukae kwenye kiti kigumu, kitandani hata siku moja. Nilijua! Lakini nani ana uso wa kukataa heshima ya mama aliyepiga magoti? Basi mimi nanawa mikono kabla ya glavu na baada ya glavu, kama mtu anayesali, na mkoba umelala na mgonjwa.

Nyumbani niliumwaga wote kwenye beseni jeupe. Chini ya kipande cha kadibodi kinachotandikwa kitakoni mwa mkoba: watatu wazima, wamenona, na maganda yao. Kikulacho ki nguoni mwako, insha hiyo niliiandika shuleni nikapigiwa makofi. Niliwatazama wakitembea kwa dakika nzima kabla ya kuwamwagia maji ya moto. Wana mbio kuliko nilivyodhani.

Na hapa ndipo pa aibu zaidi. Nilifikiria kunyamaza. Akello angeondoka, mimi ningebadilisha mkoba, kunguni wangeisha, na kila mtu angesema mmeona, lilikuwa blanketi.

Leo nikaenda Luzira ingawa si zamu yangu. Akello alikuwa ameshafunga mkeka kwa kamba. Nikawaambia wote, nikawasomea na nilichoandika kwenye daftari. Afande alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe askari ndiye mwizi!"

Nalongo hakucheka. Alinitazama, nikajua kazi yangu pale imekwisha. Kisha akapiga magoti, si mbele yangu, mbele ya wifi yake. "Dada, mimi nilikosa. Samehe mimi." Akello akamwinua, akaanza kufungua kamba.

Tukachemsha shuka, tukapitisha pasi kwenye mishono ya godoro, tukasogeza kitanda mbali na ukuta, kila mguu wake ndani ya kopo la maji ya sabuni. Nalongo alitaka kupuliza dawa ya wadudu godoroni. Nikamsihi asithubutu, mgonjwa ataivuta usiku kucha. Wekundu haujapanda. Nashukuru.

Lakini kunguni hawazaliwi mkobani. Godoro langu nimelipekua mara mbili, hakuna kitu. Basi wametoka Ntinda, na huko nako mkoba wangu hupokelewa vizuri. Wiki iliyopita binti wa yule bibi aliniambia watamfukuza mama anayewapikia, ati tangu aje nyumba imejaa wadudu. Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuuliza wadudu gani, wala nani aliwaona wakija naye.

Nimeshika simu. Mungu wangu, yule mpishi awe hajaondoka.