Si Yao

Jumanne, 15 Julai 2025

Zamu ya asubuhi, jikoni mwa mkahawa wetu hapa Dubai. Nimemenya tangawizi mpaka vidole vinawasha. Shefu Wilmer anaiita kión. Nilimuuliza Mkolombia wa baa kama hicho ni Kihispania, maana hiyo ndiyo lugha yao wote wawili. Akasema hajapata kulisikia neno hilo, kwao tangawizi ina jina jingine. Sasa huyu anayejiita Mperu, na sura yote ya Kichina, anasema lugha gani jikoni mwetu? Simwamini.

Alhamisi, 17 Julai

Chakula cha wafanyakazi: chaufa tena. Wali wa kukaanga, mayai, kuku, majani ya vitunguu. Mtamu, sitasema uongo. Nilikula, nikaongeza. Ndipo nikamwona Shefu akitoa chupa ya maji chini ya meza yake. Haina karatasi ya jina, na ndani si maji, ni kitu cheusi. Akamimina kwenye karai la pili, akairudisha mbio.

Kama ni halali, mbona anaficha?

Baa imejaa mvinyo na friji la mwisho lina nyama ya nguruwe ya wageni. Mimi ni mboga na wali tu, ndivyo tulivyoelewana na madam, meneja wetu, aliponiajiri. Mama alinisihi jambo moja nikiondoka Lamu: fanya kazi popote, lakini cha haramu kisiingie mdomoni. Na hiyo chaufa naila tangu Shefu aje.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesikia kwa masikio yangu.

Shefu alimwinulia chupa ile Nakato, Mganda anayehudumia meza za nje, akamwambia: si yao. Nakato akamkodolea macho. Akarudia: si yao. Nakato ndiye anayemfundisha Kiswahili. Keshajua lete, haraka, chakula chao. Mwanafunzi kaelewa vizuri sana.

Si ya kina nani? Sisi Waislamu, nani mwingine.

Nilirudi kwa Mkolombia nihakikishe. Hilo nalo halijui, si Kihispania. Nilipombana Nakato, akasema yeye hakuelewa, aliitikia tu. Nakato huitikia kila kitu.

Jumapili, 20 Julai

Mkate na chai. Sijagusa chakula chake.

Jumatano, 23 Julai

Shefu ameona kwamba sili. Leo aliniwekea sahani kwenye meza yangu ya mboga, kaifunika kabisa. Nikaimwaga. Aliniona nikimwaga. Nina hasira naye na nina njaa.

Nikimshtaki kwa madam atafukuzwa, na viza yake iko mikononi mwa kampuni. Nisipomshtaki, wenzangu wanaendelea kula. Nimeshindwa kuamua.

Ijumaa, 25 Julai

Mapumziko. Nakato alikuja chumbani kwangu huku Dubai Investments Park na habari. Jumatatu ni sikukuu ya taifa la Peru. Shefu amepewa ukumbi wa nyuma mchana, awapikie watu wa kwao. Na anapika nini? Chaufa, tambi za kukaanga, na wantán, visambusa vidogo vya Kichina. Hata simba wa karatasi atacheza.

Eti babu wa babu yake alitoka China kwenda kukata miwa Peru, akaoa hukohuko. Eti sasa mjini kwao hakuna siku ya kuzaliwa wala furaha yoyote isiyoishia kwenye chifa, mkahawa wa Kichina. Mimi nikasema watu wasio na chakula chao siku ya sikukuu yao, hapo pana jambo. Nilikuwa napakua biriani, chakula chetu cha asili, na sikutaka maneno mengi.

Jumatatu, 28 Julai

Sikukuu ya Waperu.

Walikuja na watoto, nguo nyekundu na nyeupe. Simba akaingia na ngoma yake, wanaume wawili ndani, wanacheka kuliko watoto. Kwenye meza ya pembeni alikaa baba wa Kizanzibari, kofia kichwani, na mkewe wa Kiperu na wanawe wawili. Shefu mwenyewe akawapelekea chaufa. Karai lile lile, chupa ile ile.

Nilitoka na aproni yangu. Nikamwambia yule baba, "Samahani kaka, usiwape watoto. Mpishi mwenyewe kasema ile chupa si yao."

Akamnyang'anya mtoto kijiko. Ngoma ikanyamaza. Watu wote wananitazama, na Shefu kasimama na sinia.

Mkewe akauliza kuna nini. Baba akamrudishia maneno yangu, polepole. Mwanamke akakunja uso.

"Sillao?" akasema. Likatoka vile vile, si yao. Akaziba mdomo. "Dada, hilo ndilo jina lake. Sosi ya soya. Kwetu Peru twaiita hivyo."

Neno walilipata kwa Wachina pamoja na sosi yenyewe, akasema. Na kión vivyo hivyo. Mkolombia angejulia wapi.

Shefu alileta dumu kutoka kabati lake. Kalinunua Bur Dubai, muhuri wa halali mkubwa kama kiganja. Humimina kidogo kwenye chupa na kuificha, maana wapishi wa zamu ya jioni humaliza kila akileta. Wageni wakacheka. Baba akacheka, watoto wakala. Ngoma ikaanza tena.

Shefu hakucheka. Aliniuliza kwa Kiingereza chake kibovu: ulidhani ningekulisha haramu, mimi?

Nikasema ndiyo. Aibu niliyoiona haina kifani.

Jumatano, 30 Julai

Chakula cha wafanyakazi: tambi. Zangu kazipika mbali na za wengine, kwenye karai dogo jipya. Aliniita nisimame karibu. Mafuta, akanigeuzia chupa nisome. Pakiti ya kuku, akanigeuzia. Dumu, akageuza muhuri uje kwangu. Kila kimoja alisubiri niitikie ndipo atie.

Nikamwambia khalas, Shefu, inatosha, nimekuamini. Akasema yes, madam. Hajawahi kuniita madam.

Akaendelea vivyo hivyo kwa adabu. Akanionyesha hata chumvi.