Upepo Wenye Waya

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimefanya jambo linalonifanya nishindwe kumtazama mavyaa wangu usoni, na hapa Voi sina wa kumwambia kwa kuwa kila ninayemjua mimi anajuana naye yeye zaidi.

Mume wangu Hanif yuko Maskati kikazi, mimi naishi na mama yake, na tangu niolewe barua zake zikifika husomwa sebuleni kwa sauti, mbele ya mavyaa, mawifi na jirani yeyote aliyekuja kuomba chumvi, kwa hiyo Hanif huandika salamu na habari za joto la huko basi, na mimi sijapata hata siku moja neno la mume kwa mkewe. Mwaka huu wa tisini na tisa akanitumia laptopu, akasema nitie intaneti nyumbani tuandikiane, nikafurahi mpaka nikalia, ila intaneti hupitia waya wa simu, na simu iko sebuleni kando ya kiti cha mavyaa, basi nikamwita fundi Fanuel anayetengeneza redio sokoni, nikamuuliza kama laptopu haiwezi kushika hewani tu, nikae nayo chumbani bila waya. Akacheka. “Mama, hii kitu bila waya haiongei,” akasema. Mavyaa alipokwenda matangani Taveta, Fanuel akapitisha waya wa simu juu ya dari mpaka chumbani kwangu, na mavyaa aliporudi nikamwambia laptopu yangu inatumia upepo, kama ile simu ya upepo ya polisi, akaamini, akawasimulia majirani kwa fahari.

Mshauri, nimeonja utamu. Hanif ananiita majina ambayo sikujua kama anayajua. Lakini nikiunganisha, laini ya nyumba nzima inashikwa, na namba ya intaneti ya Mombasa hupatikana kwa shida, inakatika, narudia, jioni yote inaishia hapo, na Ijumaa jioni ndiyo Hanif humpigia mama yake. Sasa anakuta simu iko bize. Ameniandikia kwamba si kitu, habari za nyumbani anazipata kwangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mavyaa hukaa kando ya simu amejifunga leso nzuri, akiinua mkono wa simu anasikia mkwaruzo mtupu, akaita mafundi wa simu, wakaja mchana wakakuta laini nzima. Tangu hapo chakula anakigusa tu. Ijumaa iliyopita aliniambia, “Hanif hawezi kunisahau hivi hivi, mwanangu. Wewe unayemwandikia, hebu niulizie nimemkosea nini.” Nikasema ndiyo, Mama, na sijauliza. Nikisema kweli, waya utang'olewa na barua zangu zitarudi sebuleni, na nikinyamaza namwona anavyokonda. Nifanye nini?

Mke wa Mbali, Voi

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikatamani kukufinya, na sasa nimerudi kwenye huruma. Kutaka neno la mumeo uwe nalo peke yako si dhambi. Mke gani anapendwa kwa sauti mbele ya mawifi? Hata mimi ningepanda huko darini.

Kwa hiyo waya sikulaumu. Nakulaumu kwa huo upepo. Mama wa watu angejua ni waya angekugombeza, mngenuniana, kesho yake mngekula sahani moja. Ulipomwambia ni upepo ulimwachia mtu mmoja tu wa kumlaumu, naye ni yeye mwenyewe. Anatafuta kosa ambalo hakulitenda, nawe uko chumbani unaitwa majina matamu. Hapo umekosa, na unajua.

Usimlilie Hanif kwanza. Nenda kwa mama leo, mchana, mkiwa wawili, kabla mawifi hawajaingia. Kaa chini mkekani umwambie Hanif anapiga, ila anakuta wewe umeishika simu. Usijifiche nyuma ya Fanuel wala laini za Mombasa. Akikasirika, nyamaza amalize. Kisha mpeleke chumbani, aushike huo waya kwa mkono wake.

Hapo ndipo umwombe waziwazi barua zako ziwe zako. Naye alikuwa mke wa mtu, sidhani amesahau. Hanif aandike mbili, moja ya sebuleni yenye habari za joto, nyingine yako. Na Ijumaa ni ya mama. Laptopu ifunge tangu adhuhuri na waya uuchomoe kabisa.

Atanuna kidogo, vumilia. Simu ikilia Ijumaa hii, hata ukiwa umesimama kando yake, usiiinue. Mwache aipokee mwenyewe. Na ukimsikia anamwomba Hanif msamaha, ujue hukumweleza vizuri. Ingia sebuleni useme tena, Hanif akisikia.