Danzi na Mvinyo, Pongwe

Mama Neema, mke wangu niliyekuacha kaburini Pongwe,

Nchi niliyohamia ina baridi. Juzi mwanetu Neema, ambaye naye sasa ni mwanamke mwenye mvi, alileta mezani kinywaji cha moto chenye harufu ya karafuu. Niliinuka nikaenda chumbani.

Unakumbuka nilivyokusumbua kwa kinywaji kama hicho? Riwaya za kale za Waingereza, zile nilizoazima misheni, zilikitaja kila watu walipopatana, lakini hazikusema kinapikwaje. Mpishi wa meneja wa shamba la mkonge alinicheka: "Mwalimu, hawa Wazungu wa siku hizi ni wiski na soda tu." Tukajaribu kwa machungwa matamu, ukaonja kwa ncha ya ulimi: "Baba Neema, hii ni dawa ya kikohozi." Mwishowe muuguzi mzee wa Kiingereza akakumbuka mapishi ya bibi yake: danzi, lile chungwa chungu, lichomekwe karafuu, liokwe makaani, kisha lilale siku nzima katika mvinyo mwekundu wa vuguvugu.

Nikaliacha lilale jikoni, nikasahau kwamba ibada ya nyumba kwa nyumba jioni ile ilikuwa zamu yetu. Waumini wakaja na vitabu vyao vya nyimbo. Wewe ulikuwa unanyonyesha. Jirani aliyeingia jikoni kutusaidia akadhani ni chai ya viungo, akawamiminia wote.

Mzee wa kanisa alimaliza kikombe, akaomba cha pili. "Mwalimu, chai yenu ina baraka." Cha pili alikiweka chini kikiwa nusu. "Hiki ni nini?"

"Kimo vitabuni," nikajibu.

"Kitabu gani? Zaburi?"

Nikatengwa na meza ya Bwana, na ubatizo wa Neema ukasimamishwa mpaka nitubu mbele ya watu. Siku ya toba niliitwa peke yangu. Nilipofika mbele nikasikia hatua zako nyuma yangu, mtoto kifuani. "Tulipika wawili," ukamwambia mchungaji. Wewe ulichochea makaa tu, tena kwa kuwa nilikuomba. Mama yako, benchi la kwanza, aliinamisha kichwa na hakukiinua hadi wimbo wa mwisho.

Juzi hiyo Neema alinifuata chumbani kuuliza kama naumwa. Nikasema sipendi karafuu. Aibu yangu mimi iliisha siku aliyobatizwa. Ile ya kukuona wewe umesimama pale, kwa kinywaji cha watu wa vitabuni wasiokuwapo, bado ninayo, na aliyeweza kuniondolea ni wewe tu.

Lala, mke wangu.

Mumeo, Baba Neema