Mguu Juu ya Plagi

3 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii.

Jumapili nilikuwa kazini, napiga pasi vitambaa vya meza vya hoteli, redio iko wazi. Mashabiki wa ile bendi yetu ya roki wakawa wanapiga simu kukumbuka siku walipovuruga kipindi cha televisheni. Mmoja anakumbuka mpiga ngoma alivyozipiga teke ngoma zake zikamfuata mtangazaji chini ya meza. Mwingine anakumbuka mwimbaji wao, Mwenye Koti, akiendelea kuimba, wimbo tofauti na wa wenzake. Nilicheka peke yangu. Kisha akapiga mzee aliyekuwa mpiga picha pale studio. Alisema bosi wao aliona aibu, akaamuru matangazo yakatwe, vioo vikawa vyeusi nchi nzima.

Nchi nzima, Chiriku. Niliunguza kitambaa.

Miaka ishirini na saba nimeamini ni Baba aliyetuzimia televisheni. Nilimwona kwa macho yangu ameinama kwenye plagi. Alikuwa anafanya nini pale? Nijibu wewe. Yeye usimwulize.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote.

Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa sakafuni, kwa hiyo niliona usichokiona wewe uliyekuwa umeganda mbele ya kioo. Ile soketi ilikuwa imelegea. Fundi umeme mzima, anatengeneza nyumba za watu, yake hajaigusa, mganga hajigangi. Plagi ilikuwa inachomoka, basi Baba akasimama nyuma ya televisheni tangu kipindi kilipoanza, kaikandamiza kwa mguu. Kioo kilipokuwa cheusi aliinama kutazama kama imemponyoka. Ndipo ukageuka ukamwona.

Umesema nisimwulize, na wewe unajua mdomo wangu. Nilimwuliza. Akasema, "Mtoto alikwisha hukumu," akaomba chai.

Tarehe 18 Aprili, saa kumi jioni, wanarudia kipindi chote, hata sehemu iliyokatwa. Njoo mkiangalie wote wawili.

Mdogo wako

20 Machi

Chiriku,

Salamu kwa wote.

Ulijua. Ulikuja kwangu mara tatu, ukala, ukalala, ukanishonea mapazia, na ulijua. Ungenitumia hata mstari mmoja. Mimi nilisimama katikati ya sebule nikasema sina baba, nikaondoka na mfuko mmoja, kwa kosa ambalo hakulifanya. Hivi nije niseme nini? Samahani, nilisikia redioni?

Siji. Mwambie nimebanwa na kazi. Au usimwambie kitu.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa hasira.

Nilijua, ndiyo. Baba alinikataza. Alisema, "Akitaka kujua ataniuliza mwenyewe." Wewe ukawa huulizi, yeye hasemi, na mimi katikati nawashonea mapazia. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimewachoka wote wawili, na ninawapenda, na sitakuwa mjumbe tena. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho juu ya jambo hili.

Ila ujue daktari amesema moyo wake umechoka. Hakusema Baba amebakiwa na muda gani.

Mdogo wako

9 Aprili

Chiriku,

Hamjambo? Mimi nimekata tikiti ya basi Jumatatu, nikairudisha Jumanne. Jana nimekata tena. Mwenye dirisha ameshanijua, anauliza kama ninasafiri au ninamchunguza. Usingizi hakuna, na mashati ya wageni nayakunja vibaya.

Umesema hutaandika tena juu ya jambo hili, nami sikulaumu. Usimwambie nakuja. Nikishindwa njiani, asijue kwamba nilijaribu.

Kaka yako

18 Aprili, juu ya cherehani yako

Mdogo wangu,

Nimekukosa. Baba anasema umepeleka sare shuleni na utarudi magharibi. Basi langu linaondoka kabla, zamu yangu ni alfajiri. Nitarudi mwisho wa mwezi na tikiti nimeshakata, hii siirudishi.

Alinifungulia mwenyewe. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Kinaanza sasa hivi." Nilikuwa nimepanga maneno yangu basini, yakapotea yote.

Televisheni mmebadilisha, soketi ni ileile. Plagi ikachomoka kabla hata ya wimbo wa kwanza. Akataka kuinuka, magoti yakakataa, nikamwambia akae. Nikaenda nyuma nikaikandamiza kwa mguu mpaka mwisho.

Chiriku, kutoka pale kioo hakionekani. Unaona ukuta, na uso wa anayeangalia. Siku ile Baba hakuona chochote zaidi ya nyuso zetu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuona zile ngoma zikimfuata mtangazaji, na alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka la magotini.

Nikaona ndipo pa kusema. Nikasema, "Baba, nisamehe."

Hakuondoa macho kwenye kioo. Akasema, "Nimesikia. Usitikise mguu, hawajamaliza."

Kaka yako